Nimemaliza chalenji ya riwaya nane, mbona kichwani kimebaki kile ambacho sikukimaliza?

Shikamoo anti,

Natumaini u mzima. Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi, leo nimeona niandike kwasababu hili jambo watu wangu wa karibu wanaliona dogo, kila nikilianzisha wananiambia si umemaliza, ulikuwa unataka nini tena, na mazungumzo yanaishia hapo.

Iko hivi. Mimi na wenzangu tuna grupu letu la wapenda riwaya, tukakubaliana tufanye chalenji ya mwezi mmoja, riwaya nane ndani ya siku thelathini. Ukimaliza kimoja unapiga picha kava unatuma kwenye grupu, admini anakuwekea tiki kwenye listi. Sharti ni kwamba kitabu hakihesabiki mpaka ukimalize chote, nusu haina tiki. Mimi kusoma nakupenda toka mdogo ila miaka hii ya karibuni kazi na simu zilikuwa zimeniharibia kabisa, naweza kukaa na kitabu mwezi mzima nipo palepale, kwahiyo nikasema hii ndo nafasi yangu.

Na kiukweli anti mwanzo ulikuwa mtamu. Wiki ya kwanza nalala na kitabu naamka na kitabu, simu naiacha chumba kingine, kuna riwaya moja ya mapenzi niliianza jioni nikasema nasoma sura mbili tu nilale, nakuja kushtuka ndege wanalia nje na mimi bado nimekaa vilevile na shingo inauma. Nilikuwa nimesahau kwamba mtu unaweza kumkasirikia mtu ambaye hayupo duniani, mhusika tu wa kitabuni, mpaka unamjibu kwa sauti. Hiyo raha nilikuwa sijaipata miaka.

Wiki ya pili ndo ikaanza kubadilika. Wenzangu wanatuma makava, tiki zinaongezeka, mwingine yupo cha tano mimi nahangaika na cha tatu. Nikaanza kuchagua vitabu kwa unene, yaani kabla sijasoma hata mstari wa kwanza nafungua nyuma naangalia ukurasa wa mwisho ni namba ngapi. Nikachukua riwaya tatu za upelelezi mfululizo kwasababu zile zinakimbia. Nikawa nasoma huku nahesabu, sura hii ina kurasa kumi na mbili, nikiimaliza zinabaki arobaini. Kingine nilikisikiliza, vile vya kusomewa, huku nafua na kupiga pasi, mdogo wangu ambaye naye yupo kwenye grupu akasema hapo hujasoma wewe, umesimuliwa, tukabishana na mpaka leo hatujaelewana.

Katikati hapo kuna riwaya moja nene niliianza, ya mama mtu mzima anayemwandikia barua mwanawe aliyeondoka nyumbani bila kuaga. Anaandika kila Ijumaa, anaikunja, anaiweka kwenye droo, haitumi kwasababu hajui mwanawe yuko wapi. Kuna sehemu ile droo inagoma kufunga kwa jinsi barua zilivyojaa, anaisukuma kwa goti haiendi, basi anazitoa zote anakaa chini anaanza kuzikunja upya moja moja ziwe ndogo zaidi, na hasomi hata moja. Kurasa mbili nzima ni kukunja barua tu. Mimi muda ulikuwa umeniishia na tiki bado, nikaona huyu mwandishi atanichelewesha, nikakiweka pembeni, nikachukua vyembamba viwili nikavimaliza na usiku wa mwisho nikapata tiki ya nane. Watu wakanipongeza sana, mioyo na makofi kibao.

Sasa tatizo. Muda kidogo baadaye rafiki yangu wa kazini akaniuliza, ile ya upelelezi uliyoposti mimi nimekwama katikati, inafaa niendelee? Anti sikumbuki. Sio kwamba sikumbuki jina la muuaji, sikumbuki hata nani aliuawa. Nikaanza kumweleza nikajikuta namchanganya askari wa kitabu hiki na marehemu wa kitabu kile. Nimerudi nyumbani nikafungua ile listi, vingine nasoma majina yake naona kama listi ya mtu mwingine. Lakini yule mama wa barua, ambaye hana tiki, namkumbuka mpaka alivyokuwa analowesha kidole kwa ulimi kabla ya kukunja karatasi.

Na tangu mwezi uishe sijafungua kitabu chochote. Nikikishika tu nasikia uchovu kama nimeagizwa kazi. Na grupu wameshatangaza mwezi mwingine, riwaya kumi safari hii, na admini ameshaniandika bila kuniuliza eti mimi ndo mfano wa wengine.

Hivi anti ule mwezi nilisoma kweli au nilipoteza muda? Kumbukumbu yangu ina shida? Nijitoe au niendelee, na nikijitoa nawaambiaje bila kuonekana naringa? Na kile kitabu cha yule mama nikirudie au ndo kimeshapita?

Mwenye tiki nane

JIBU

Marahaba mwanangu,

Barua yako nimeisoma nikairudia na kila nikifika kwa yule mama na droo yake nasimama. Umenieleza kitabu ambacho mimi sijakisoma mpaka goti la yule mama nimeliona likisukuma ile droo. Mtu mwenye kumbukumbu mbovu haandiki hivyo, kwahiyo hilo la kumbukumbu tulimalize kwanza. Kama unasahau na mambo mengine ya kila siku, umeacha jiko linawaka, umesahau mlichoongea asubuhi, hapo kamwone daktari na wala usichelewe. Lakini kama ni hizi riwaya tu, kichwa chako kinafanya kazi yake kama cha kila mtu.

Kusahau ni kwa haraka kuliko watu wanavyodhani. Kuna mwanasaikolojia wa Ujerumani anaitwa Hermann Ebbinghaus, alijifanyia majaribio mwenyewe, anakariri silabi zisizo na maana yoyote halafu anajipima baada ya muda, matokeo akayachapisha mwaka 1885. Kwa vipimo vyake ndani ya saa moja tu zaidi ya nusu ilikuwa imeshapotea, na mwezi mmoja baadaye ilikuwa imebaki kama moja ya tano. Riwaya sio silabi, riwaya ina watu na sababu na mtiririko ndo maana inashika zaidi, ila mwenendo ni uleule, kitu usichokirudia wala kukifikiria tena kinaanza kuondoka siku hiyohiyo. Sasa wewe ulikuwa unafunga kitabu, unapiga picha kava, unafungua kingine. Saa ngapi ulikaa ukamfikiria yule aliyeuawa? Hukupata muda huo, hukupewa.

Halafu ukaongeza na zile tatu za upelelezi mfululizo. Mambo yanayofanana yakiingia kichwani kwa kufuatana yanaingiliana, hilo wanasaikolojia wanalijua siku nyingi, na upelelezi ndo zinafanana kuliko zote kwa mifupa yake, kuna maiti, kuna askari mwenye matatizo nyumbani kwake, kuna mtu mpole ambaye mwishoni anageuka. Mimi nazipenda sana tu sizisemi vibaya, ila ukizipanga tatu hivyo bila kupumzika katikati hata mtu mwenye kichwa kizuri namna gani atamhamisha marehemu.

Tufanye na hesabu kidogo maana naona unajilaumu kwa spidi. Mtafiti anaitwa Marc Brysbaert mwaka 2019 alizikusanya tafiti nyingi za usomaji wa kimyakimya kwa Kiingereza, akapata kwamba mtu mzima akisoma hadithi anakwenda kwa wastani wa maneno kama 260 kwa dakika. Chukua riwaya ya maneno elfu themanini ambayo ni ya kawaida tu, wala sio nene. Hapo ni saa tano na dakika kadhaa. Nane ni kama saa 41, zigawe kwa siku 30 inakuja saa moja na dakika ishirini na kitu kila siku ya Mungu, bila kuumwa, bila mgeni, bila kuchelewa kutoka kazini, na bila kusimama hata mara moja kurudia mstari uliokugusa. Kiswahili maneno yetu ni marefu kwahiyo namba zitapishana ila picha unaiona. Na hizo kumi wanazozitaka sasa hivi zinakwenda kwenye saa moja na dakika arobaini. Kuna watu wana huo muda, nawaombea wautumie vizuri. Mwenye kazi na nyumba akiufikisha lazima kuna kitu amekikata, na kinachokatwa cha kwanza siku zote ni kule kusimama.

Ndo maana mimi nina neno na hizi chalenji za kuhesabu vitabu. Siku hizi ziko kila mahali na zina faida, nitaisema, lakini ukishasema kila kitabu ni tiki moja umeshamwambia msomaji achukue chembamba. Hakuna aliyekufundisha kufungua nyuma kuangalia namba ya ukurasa wa mwisho, ni sharti lenyewe lilikufundisha. Na unene wenyewe hausemi kitu. Nagona ya Kezilahabi iliyotoka 1990 haifiki hata kurasa mia, ukiichukua kwa ajili ya tiki ya haraka utajuta, ile unasoma ukurasa mmoja unarudi unausoma tena na bado unauliza hapa niko wapi, na hapo ndo utamu wake ulipo. Kuna riwaya ya kurasa mia tano inakumalizia wikiendi bila kukugusa popote. Kwenye listi ya admini zote mbili ni tiki moja moja.

Na riwaya nyingi za zamani wala hazikuandikwa zimezwe kwa siku mbili. Charles Dickens ile riwaya yake ya kwanza ilitoka vipande vipande kila mwezi, ikaanza Aprili 1836 ikaja kuisha Novemba 1837. Waliokuwa wanaisoma walikaa na wale watu mwaka na nusu na zaidi, wanakula nao wanalala nao, wanabishana nani atamuoa nani. Nasi tumekua na hadithi za magazetini zinazokatika pale patamu na neno itaendelea, unakaa wiki nzima unapanga wewe mwenyewe kitakachotokea. Kule kusubiri ndo kulikuwa kunazishikisha. Yule mama wa barua wewe umemwacha njiani bila kujua mwisho na bila kutaka ukawa unamsubiri, naamini hiyo ni sababu moja ya kumkumbuka. Lakini sio yote. Kurasa mbili za kukunja barua hazikufanya kitu kingine chochote, hazikukukimbiza, kwahiyo ulimwangalia. Kwenye zile nyingine ulikuwa unaangalia kurasa zilizobaki.

Sasa umeniuliza ulisoma au ulipoteza muda. Ulisoma. Usikubali huu uchovu wa sasa ukufutie wiki ya kwanza. Mtu ambaye miaka mingi hakuweza kutoka ukurasa mmoja akaja kukesha mpaka ndege wanalia, akamjibu mhusika kwa sauti, amerudishiwa kitu kikubwa sana, na aliyekurudishia ni hilo grupu na hiyo chalenji, hiyo ndo faida niliyosema. Umejua kwamba simu ikikaa chumba kingine unaweza. Umejua mapenzi yanakukesheza na upelelezi unakukimbiza, na mambo ya taratibu ya mama na mtoto yanakukaa moyoni. Wapo watu wanasoma miaka na hawajawahi kujua hayo kuhusu wao wenyewe. Ila mwezi wenyewe hujaumaliza bado, umemaliza kuhesabu tu.

Kuumaliza ni hivi. Chukua karatasi, sio simu, kaa nayo jioni moja ukiwa umetulia. Andika majina ya vile vitabu bila kuifungua listi, kwa utaratibu wowote vinavyokuja. Chini ya kila kimoja andika nani alikuwa anataka nini, na nini kilimzuia, basi, mistari miwili mitatu inatosha. Usipokumbuka jina la mtu andika yule kaka mwenye kovu, yule dada wa duka, chochote. Usifungue kitabu wala usitafute muhtasari popote mpaka umemaliza kujikamua. Kuna watafiti wawili, Roediger na Karpicke, mwaka 2006 waliwapa wanafunzi maandishi wasome, wengine wakaambiwa wayarudie kuyasoma, wengine wakaambiwa wafunike waandike wanachokumbuka. Dakika tano baadaye waliorudia kusoma walikuwa mbele. Wiki moja baadaye ikageuka, walioandika kwa kujikamua ndo waliokumbuka zaidi. Kwahiyo kule kuhangaika kichwani usikuone kama aibu, ndo dawa yenyewe. Ukishakwama kabisa hapo sasa fungua kitabu, soma kurasa mbili tatu za mwanzo na za mwisho, utashangaa vinavyorudi.

Na vingine havitarudi. Viache. Sio kila riwaya imeandikwa ikae na wewe mpaka uzeeni, nyingine kazi yake ilikuwa ni ile jioni moja ikupe raha, imekupa, imekwenda zake. Rafiki yako wa kazini mwambie ukweli kwamba umeisahau, akiimaliza yeye ndo akusimulie. Ni jibu zuri tu kwa mtu aliyekwama katikati, maana na yeye anajifunza kitu kuhusu hicho kitabu.

Kitabu cha yule mama kirudie. Hili sina kona kona kabisa, kirudie na usikirudie kwa ajili ya tiki. Kuna mwandishi wa Kifaransa anaitwa Daniel Pennac, alikuwa mwalimu, mwaka 1992 aliandika haki kumi za msomaji, na ndani yake ipo haki ya kuruka kurasa, ipo haki ya kutomaliza kitabu, na ipo haki ya kusoma tena. Ulipokiweka pembeni ulitumia haki yako, sasa tumia ile nyingine. Usianze ukurasa wa kwanza maana utajisikia unaadhibiwa, na usianzie pale ulipoachia maana utakuwa umepoteza sauti ya mwandishi. Rudi nyuma sura moja kabla ya droo, ingia taratibu, na ukifika kwenye zile kurasa mbili zisome kwa sauti ukiwa peke yako chumbani. Siku ya kwanza soma mpaka hapo tu ufunge, hata kama una hamu. Hasa kama una hamu. Huo uchovu unaousikia ukishika kitabu ni mwili umezoea kwamba kitabu maana yake kuna mtu anakusubiri umalize, utaondoka wenyewe ukikishika siku kadhaa na hakuna anayesubiri. Kwahiyo usimwambie mtu uko ukurasa wa ngapi, usipige picha kava, na kama unaweza chukua kipande cha karatasi uzibe namba za kurasa kule chini, najua inaonekana ya kitoto ila kwa mtu aliyezoea kuhesabu inasaidia sana.

Kwenye listi ya mwezi ujao jitoe. Kwenye grupu baki. Hayo ni mambo mawili tofauti na nadhani kinachokutesa umeyaona kama moja. Wale watu hawakukukosea, admini kakuandika kwa mapenzi, ila hakuna anayeweza kukuwekea ahadi ambayo hujaisema wewe. Mwandikie kwanza yeye pembeni, umshukuru, umwombe akutoe, ili asikutane na habari hiyo mbele ya watu. Halafu kwenye grupu andika kitu cha namna hii, kibadilishe kikae kwa sauti yako:

"Jamani wapendwa, mwezi uliopita mmenirudisha kwenye vitabu na sina namna ya kuwashukuru. Mwezi huu mimi nasoma kimoja tu, kinene, nataka nikae nacho. Nikikutana na pazuri nitawaletea. Wanaofanya kumi nawaombea heri, na nitakuwepo kuwasikiliza."

Basi, usielezee zaidi ya hapo. Ukianza kueleza kwamba umesahau vyote na kwamba chalenji ina kasoro, wenzako ambao bado wana moto watasikia unawahukumu. Kuringa hakumo kwenye hayo maneno, atakayekuona unaringa ana lake. Na hiyo ahadi ya kuwaletea pazuri itimize, tuma voisi ya dakika mbili, wasimulie ile droo kama ulivyonisimulia mimi. Nakuhakikishia wapo wengine humo ndani wenye tiki zao nane wanaogopa kuulizwa muuaji ni nani, na wakikusikia watajitokeza. Hapo ndo unaweza kupendekeza kwa upole kwamba labda mwezi unaofuata tuhesabu muda badala ya vitabu, kila mtu nusu saa kwa siku na kitabu chochote anachotaka, chembamba kinene shauri yake, au wote tusome kimoja halafu tukutane tukibishanie. Wakikataa sawa tu, ni grupu lao pia.

Limebaki la mdogo wako. Kusikiliza ni kusoma kwa maana ya kwamba kisa kimekufikia. Mwaka 2016 ulitoka utafiti ambapo watu wazima waligawanywa, wengine wakasikiliza, wengine wakasoma kwenye kifaa, wengine wakafanya vyote kwa pamoja, wakapimwa walivyoelewa palepale na tena wiki mbili baadaye, na hakukuwa na tofauti ya maana kati yao. Walitumia kitabu cha habari za kweli na sio riwaya, ila mimi ningekupa tiki yako. Mdogo wako yuko sahihi sehemu moja tu, kwamba pasi inataka macho na akili, na ukifika kwenye kola ya shati masikio yanafunga bila wewe kujua na anayekusomea hakungoji, wakati kitabu cha karatasi kinakaa palepale ulipokiacha. Kwahiyo sikiliza ukiwa unafanya kazi ambayo mikono inaijua yenyewe, au unatembea, na ukihisi umepotea rudisha nyuma dakika mbili. Mwambie hivyo, halafu muulize kati ya vitabu vyake vya mwezi ule ni kipi anakikumbuka zaidi na kwanini, nadhani hapo mtaongea mpaka usiku.